Utata wa Maneno katika Nyimbo za Magitaa Zisikikazo baina ya Diani na Taru

Mojawapo ya maswali yanayomkabili mhakiki wa nyimbo za kisasa ni hili: wimbo unapokuwa na maana zaidi ya moja, ni nani mwenye haki ya kusema ipi ndiyo maana yake? Baadhi ya wasomi hujibu kwamba mwenye haki hiyo ni mtunzi, kwa hiyo na aulizwe. Wengine husema kwamba kila msikilizaji ana maana yake, na hapo uhakiki ukawa umekwisha kabla haujaanza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili yana upungufu. Katika nyimbo za Pwani mambo mawili huwatangulia mtunzi na msikilizaji. Kwanza ni sarufi na lahaja ya maneno yenyewe, ambayo huweka mipaka ya maana ziwezekanazo. Pili ni tukio la kuimbwa, ambalo huchagua maana moja miongoni mwa zile zilizomo ndani ya mipaka hiyo.

Mifano mingi imechukuliwa katika nyimbo zinazosikika Kwale na jirani zake, kuanzia hoteli za Diani hadi maduka ya Taru kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Masafa hayo si makubwa, lakini wimbo mmoja ukitoka ufuoni hata kufika huko juu huwa umepita katika masikio ya Waswahili, Wadigo, Waduruma, watu wa bara na wageni wa ng'ambo. Taru yenyewe ni mahali pa mwamba na maji machache. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa kwenda bara iliyategemea maji ya mvua yaliyotuama katika mashimo ya miamba yake. Maneno ya nyimbo nayo hutuama huko, na kila apitaye huyachota kwa kata yake.

Neno utata lafaa kutazamwa kabla ya jambo jingine. Mzizi wake ni -tata, ambao hutaja uzi au kamba iliyojifunga hata mwanzo na mwisho wake usijulikane. Matata, kutatiza na kutatua ni ndugu zake. Utata basi si ukungu. Penye ukungu hakuna kinachoonekana. Penye utata kila uzi huonekana, ila haijulikani upi uvutwe kwanza. Wimbo usioeleweka kwa sababu mtunzi wake hakujua alilotaka kusema hauna utata, una udhaifu tu, na makala haya hayahusiani nao.

Mfano wa nchi za ng'ambo

Katika Ulaya na Marekani suala hili lilizuka kwa nguvu muziki wa roki ulipoenea. Mwaka 1967 kundi la The Beatles la Uingereza lilitoa wimbo uitwao "Lucy in the Sky with Diamonds". Wasikilizaji wakaona kwamba herufi za mwanzo za maneno makuu matatu ya jina hilo zinafanya LSD, dawa ya kulevya iliyokuwa ikivuma siku zile. John Lennon akaeleza kwamba jina lilitokana na picha iliyochorwa na mwanawe mdogo, Julian. Jibu hilo halikuwanyamazisha watu. Mwaka uo huo BBC ilikataa kuupiga wimbo mwingine wa kundi hilo, "A Day in the Life", kwa kudhani kwamba umeficha habari za dawa za kulevya. Mwaka 1984 "Born in the U.S.A." wa Bruce Springsteen, ambao beti zake zinaeleza masaibu ya askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, ulichukuliwa na wengi kuwa wimbo wa kujivunia nchi, kwa kuwa kiitikio chake husikika kwa nguvu kuliko beti zake.

Katika magombano hayo yote swali lilikuwa moja: mtunzi alikuwa na nini kichwani? Swali hilo si baya. Lakini ni mtoto wa desturi maalumu, yaani desturi ya mwimbaji kuimba maneno yake mwenyewe na kuyauza dukani. Pwani ya Afrika ya Mashariki haikulelewa katika desturi hiyo. Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014), mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Mombasa, aliimba mashairi mengi ambayo hakuyatunga yeye, yakiwemo ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule aitwaye Malenga wa Mvita. Hapo mtunzi ni mmoja, mwimbaji ni mwingine, na mara nyingi aliyeagiza shairi ni wa tatu, mtu mwenye jambo lake moyoni ambaye hakuipata lugha ya kulisema. Akitafutwa mwenye maana ya wimbo wa namna hiyo, ni mlango wa nani ubishwe?

Neno lililo wazi na neno lililofungwa

"Malaika" ni wimbo unaojulikana na karibu kila mtu aliyewahi kukisikia Kiswahili. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, nchi iliyo magharibi ya Taru, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Utunzi wake umegombewa na wengine, hasa Adam Salim wa Tanzania. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika santuri yao, na mwaka 1981 ukaimbwa na kundi la Boney M. Fasiri ya kawaida ni nyepesi: kijana anampenda msichana, naye hana mali ya kumwoa. Fasiri hiyo ni sahihi. Lakini inafaa kutazama ni kwa njia gani ilivyo sahihi, maana wanafunzi wengi huifikia kwa kubahatisha, na kubahatisha huko kukawaponza katika nyimbo nyingine.

Neno malaika katika Kiswahili cha Pwani lina maana tatu. Ni kiumbe wa mbinguni. Ni mtoto mchanga asiyejua dhambi. Na ni vile vinyweleo laini vinavyoota mwilini. Kidege, anayetajwa katika wimbo huo, ni ndege mdogo. Lakini dege au degedege ni maradhi ya mtukutiko yanayowashika watoto wachanga, ambayo wazee waliyahusisha na ndege apitaye usiku. Na katika lugha za Wamijikenda neno nyuni lilitumika kwa ndege na kwa maradhi hayo pia. Basi mwanafunzi hodari akiyakusanya hayo anaweza kudai kwamba "Malaika" si wimbo wa mapenzi hata kidogo, bali ni maombolezo ya mzazi aliyefiwa na mtoto kwa degedege, akakosa mali ya kumwita mganga. Fasiri hiyo ina uzuri wake. Ingeweza kujaza kurasa kumi, na pengine kumpatia aliyeiandika alama za juu.

Hata hivyo ni batili, na kinachoibatilisha si kauli ya mtunzi wala hisia za wasikilizaji. Ni kitenzi kimoja tu, kuoa. Mtu hawezi kusema kwamba angependa kumwoa mtoto wake mchanga aliyekufa. Malaika na kidege ni maneno yaliyo wazi, yaani kila moja lina milango kadhaa. Kuoa ni neno lililofungwa, lina mlango mmoja. Katika kufasiri, neno lililofungwa ndilo linalotawala lile lililo wazi. Maana nyinginezo hazitoweki kabisa. Msikilizaji wa Pwani anapolisikia jina malaika husikia pia upole wa mtoto mchanga na ulaini wa ngozi, na hayo huuongezea wimbo utamu ambao tafsiri za kigeni hazikuwahi kuufikia. Lakini hizo sasa ni kivuli cha maana, si maana yenyewe.

Kitenzi hicho hicho kinaleta tatizo jingine. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika viwakilishi vya nafsi, ila hapa kimetofautisha: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba alikiimba kitenzi kama alivyokikuta, kwa hiyo sauti ilikuwa ya mwanamke na sarufi ya mwanamume. Wapo waliosema kwamba ni kosa la mgeni. Huenda ni kosa, lakini masikio ya Pwani hayakushtuka, kwa sababu katika taarabu si ajabu mwanamume kuimba maneno ya mwanamke, wala mwanamke kuimba ya mwanamume. Nafsi inayosema katika wimbo haikuwa lazima iwe nafsi ya yule aliyeshika kipaza sauti. Katika Kiingereza, ambako kitenzi ni kimoja kwa wote wawili, tatizo hili halikuonekana kabisa, na wala halikufasiriwa.

Baada ya hapo linabaki neno mali, na hapa sarufi imefika mwisho wa uwezo wake. Kwa Mdigo Mwislamu wa Diani mali hiyo ni mahari na gharama za arusi. Kwa Mduruma wa Taru, katika nchi kavu ambayo mnazi hauoti na ambayo utajiri wake wa jadi ulikuwa mifugo, mali ni ng'ombe na mbuzi. Tena Waduruma walihesabu ukoo kwa pande mbili: ukulume, yaani upande wa kuumeni, na ukuche, yaani upande wa kikeni. Kwa hiyo kijana akisema kwamba hana mali, huenda ni fukara. Na huenda pia mifugo ipo, ila imo mikononi mwa baba au wajomba ambao hawajakubali kuitoa. Wa kwanza anaulalamikia umaskini, wa pili anawalalamikia wazee. Fasiri zote mbili zimo ndani ya mipaka ya maneno, na mhakiki anayesema kwamba moja tu ndiyo halali anapaswa kueleza amesimama wapi alipoisikia.

Simba wa nyika na watu wa Nyika

Wakati mwingine utata hauhitaji hata sentensi nzima. Mapema katika miaka ya 1970 wanamuziki ndugu kutoka Tanga, Wilson Kinyonga na George Peter Kinyonga, walipokuwa wakipiga muziki Mombasa, walilipa kundi lao jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga wakaanzisha Les Wanyika. Maana iliyokusudiwa ni dhahiri: simba wa nyika, mnyama wa mbuga. Lakini jina liliandikwa kwa kuunganishwa, na hivyo kihusishi wa kikageuka kuwa kiambishi cha ngeli ya watu. Wanyika ndilo jina ambalo watu wa mjini na wageni waliwaitia makabila tisa ya nyuma ya Pwani, Wadigo na Waduruma wakiwemo. Lilikuwa jina lenye harufu ya dharau, na katika miaka ya 1940 wenyewe walilikataa wakajiita Wamijikenda. Nyika yenyewe, ile nchi ya vichaka na miiba, Taru iko katikati yake. Basi mzee wa Taru aliyelisikia jina Les Wanyika redioni hakuwa na sababu ya kufikiri habari za simba, hasa kwa kuwa simba mwenyewe alikuwa ameondolewa katika jina na kutiwa kibainishi cha Kifaransa. Nafasi moja tupu baina ya wa na nyika ndiyo inayomtenga mnyama na mtu. Hakuna aliyekusudia kutukana, na sarufi haikumwuliza mtu alilokusudia.

Wimbo uliolipatia kundi hilo sifa kubwa ni "Sina Makosa", na kwa mhakiki ni hazina. Msemaji anamwambia mwanamume mwenzake, anayemwita bwana, aache hasira. Kila mmoja wao ana wake nyumbani. Na yule wanayemgombania si wa huyu wala si wa yule. Utata wote umebebwa na vimilikishi visivyo na nomino. Wako nani? Wangu nani? Ngeli inatueleza tu kwamba ni mtu. Kwa desturi twajaza wenyewe neno mke, kwa kuwa wanaosemezana ni wanaume wawili. Yule naye ni kionyeshi kitupu: hana jina, hana kazi, hana hata kitenzi kinachomhusu yeye peke yake. Wimbo mzima unazunguka mtu ambaye hakuambiwa neno lolote wala hakupewa nafasi ya kusema lake.

Jina la wimbo nalo lastahili kutazamwa kwa makini. Msemaji hakusema kwamba hakutenda. Alisema kwamba hana makosa, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Hoja yake, ikipimwa kama wazee wanavyoipima kesi ya ugoni, si kwamba jambo halikutokea, bali kwamba anayelalamika hana haki ya kulalamika, kwa kuwa aliyetwaliwa hakuwa wake. Fidia hudaiwa na mwenye mali. Kama yule si wa mmoja wao, basi huenda yuko mwanamume wa tatu asiyetajwa, ambaye ndiye mwenye kesi ya kweli, na hao wawili wanapigiana kelele mlangoni mwake. Je, fasiri hii inazidi mpaka? Haizidi. Hakuna neno lililofungwa linaloikataa. Lakini pia hakuna linaloilazimisha, na ndiyo sababu wimbo huo, baada ya miongo mingi, bado hupigwa na bado watu hubishana juu yake kabla haujamalizika.

Pale lugha inapobadilika bila taarifa

Makosa makubwa kuliko hayo hutokea pale msikilizaji asipojua kwamba amekwisha kuvuka mpaka wa lugha. Chidigo na Chiduruma ni jamaa za karibu za Kiswahili, na ukaribu huo ndio hatari yake. Neno lisilojulikana kabisa humfanya mtu aulize; neno linalofanana na lake humfanya aandike bila kuuliza.

Mfano ulio mzito ni neno uchi. Katika Kiswahili uchi ni hali ya kutokuwa na nguo. Katika lugha za Wamijikenda uchi ni tembo, kinywaji kinachogemwa mnazini, ambacho kilikuwa na nafasi yake katika posa, katika mazishi na katika vikao vya wazee. Na afikiriwe mwanafunzi wa Kiswahili aliyetumwa Kwale kukusanya nyimbo. Amemsikia mwanamke anaimba kwamba uchi umeletwa mbele ya wazee wakafurahi. Akiandika kwa sikio la Kiswahili sanifu, atauweka wimbo huo katika fungu la nyimbo za matusi, na chini yake ataandika jina la mwimbaji na kijiji chake, kama alivyofundishwa. Mama huyo, aliyeimba habari za heshima ya posa, atabaki katika maktaba ya chuo akiwa mtu asiye na haya, na wajukuu wake watakaposoma watakuta hivyo. Hilo si kosa la maandishi tu. Ni kashfa, na aliyekashifiwa hana habari.

Kitenzi kuhenda ni mfano mwepesi zaidi, ila hutokea mara nyingi. Kwa Mdigo na Mduruma kuhenda ni kufanya. Sikio la Kiswahili hukisogeza hadi kwenda. Kwa hiyo mwimbaji aliyechoka na dunia akiuliza afanye nini, mwandishi humsikia anataka kusafiri, na wimbo wa majonzi ukawa wimbo wa safari.

Lahaja za Kiswahili chenyewe hazikosi mitego. Kivumba cha Wasini na Vanga, na Chifundi cha upande wa Shimoni, vina maumbo yake, ambayo H. E. Lambert aliyaandikia vijitabu mwaka 1957 na 1958. Kimvita nacho hutofautisha sauti ambazo maandishi sanifu hayazionyeshi: kaa la moto hutamkwa bila pumzi, kaa wa pwani hutamkwa kwa pumzi; vivyo hivyo paa la nyumba na paa wa mwituni. Aliyeandika wimbo kwa herufi za kawaida amekwisha kuipoteza tofauti hiyo, na utata atakaouona baadaye katika karatasi yake ni utata alioutengeneza mwenyewe.

Tena muziki una amri yake juu ya sauti. Barabara yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia kuu; yenye mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa. Lakini pigo la ngoma au gitaa laweza kuuhamisha mkazo, na mwimbaji akaiimba njia kwa sauti ya usawa. Jambo hili ni zito zaidi katika Chidigo, ambacho, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni, kama Charles Kisseberth alivyoichambua mwaka 1984: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Lahani ya wimbo ikienda njia yake, toni ya neno huweza kumezwa. Mwenyeji hulitambua neno kwa maneno yaliyo jirani yake. Mgeni hana jirani.

Tukio

Na ichukuliwe sasa kwamba maneno yameandikwa sawasawa na mipaka imejulikana. Bado fumbo halijafumbuliwa, kwa kuwa fumbo la Pwani halitungwi ili lifumbuliwe na watu wote. Katika arusi za Pwani taarabu inapopigwa, mtu huinuka akaenda mbele na noti mkononi kumtunza mwimbaji. Hatunzi ovyo. Hungoja ubeti. Ubeti wake ukifika huinuka, huenda polepole, na njiani humtazama mtu. Kwa mtazamo huo maana ya ubeti imechaguliwa mbele ya watu mia mbili, bila neno lolote kuongezwa. Ua lililokuwa ua tu sasa ni bibi fulani aliyeketi safu ya tatu.

Mtunzi hakushiriki katika jambo hilo. Akiulizwa, atasema kwamba aliandika juu ya ua, na atakuwa amesema kweli. Mwimbaji naye ana kanusho lake, na mwenye noti pia, maana alifurahishwa na sauti. Hata bibi aliyelengwa ana kinga: akitaka hujifanya hakusikia, na akinyamaza hakuna kesi. Lakini naye akiinuka na noti yake kungoja ubeti wa kujibu, basi amekiri. Utata hapa ni chombo kinachowawezesha majirani kugombana na bado kukutana kisimani kesho yake. Mhakiki anayejigamba kwamba ameifichua maana ya siri ya wimbo wa namna hiyo ameuvunja mtungi ili aonyeshe kwamba una maji.

Tukio likisahauliwa, maneno hubaki yatima. Mashairi ya Muyaka bin Haji (1776–1840) yalikusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940, na kuchunguzwa upya na Mohamed Abdulaziz mwaka 1979. Lau haingejulikana habari ya ugomvi wa Wamazrui wa Mombasa na Seyyid Said, mengi yangesomwa leo kuwa mashairi ya vyombo na pepo za baharini. Na huenda nyimbo nyingine za zama zile husomwa hivyo hivyo sasa, kwa kuwa hakuna aliyeandika ni nani aliyekuwa akitazamwa.

Kinyume chake pia hutokea, yaani fumbo ambalo kila mtu analijua. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyefanya kazi Dar es Salaam na kundi lake la Super Matimila, mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliimba "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza wanaume watumie mipira wakati ukimwi unaenea. Soksi ni vazi la mguuni, na Radio Tanzania haikukubali kuupiga wimbo huo. Hapo fumbo halikuficha lolote; lilitoa adabu tu, na adabu haikutosha. Nchini Kenya mwaka 2002 "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji, uliojengwa juu ya kitenzi cha Kijaluo chenye maana ya kutisha kilichovikwa viambishi vya Kiingereza, uliingizwa katika kampeni za muungano wa NARC. Vijana wawili walikuwa wamejisifu wenyewe. Mikutano ya hadhara ikauhamisha wimbo, na nafsi ya wingi ikaingia mahali pa nafsi ya umoja.

Ule wimbo wa hotelini

Inafaa kumalizia kwa wimbo unaodhaniwa hauna utata hata kidogo. "Jambo Bwana" ulitolewa na Them Mushrooms mwaka 1982, ukiwa utunzi wa Teddy Kalanda Harrison, na Boney M. wakautoa kwa namna yao mwaka 1983. Katika hoteli za Diani mgeni huusikia kabla hajafungua mizigo yake. Una salamu, una makaribisho, una hakikisho kwamba hakuna matata.

Salamu ya Pwani ni hujambo, nayo ni kanusho: huna jambo, yaani hakuna lililokupata. Jibu lake, sijambo, ni kanusho pia. Mtu akiondoa kiambishi cha kukanusha akaacha jambo peke yake, kwa sarufi amesema kinyume: lipo jambo. Bila shaka hakuna mtumishi wa hoteli anayekusudia hivyo. Neno limekwisha kuwa sarafu, na thamani ya sarafu haitoki katika madini yake. Hakuna matata nayo haikuwa kauli ya kawaida ya Mvita, ambako watu husema si neno au hapana taabu. Wimbo huu, na baadaye filamu ya Walt Disney ya mwaka 1994, ndiyo iliyoieneza duniani hata wageni wakadhani ndiyo falsafa ya Waswahili. Na bwana ni nani? Ni mgeni, ni mwajiri, ni mume, ni rafiki. Anayeimba amesimama na sinia mkononi, anayeimbiwa ameketi. Je, anayesema hakuna matata anatoa habari, anatoa ahadi, au anafanya kejeli? Sarufi yaruhusu zote tatu. Jioni hiyo mbele ya wageni ni makaribisho. Kinywani mwa mpishi anayeteremka na basi Ukunda, mshahara ukiwa umechelewa, ni wimbo mwingine, ijapokuwa hakuna silabi iliyobadilika.

Kwa sababu hizo mkusanyaji wa nyimbo za Kwale hana budi kuandika zaidi ya maneno. Aandike lugha au lahaja ya kila wimbo kabla ya kuusanifisha, na maneno kama uchi na kuhenda ayaache yalivyo, na maana yake kando. Aandike siku, mahali, na shughuli iliyokuwapo. Aandike nani aliagiza, nani aliimba, nani alitunza na katika ubeti upi. Jina la aliyetazamwa asiliandike. Hilo si mali ya maktaba.

Kazi hiyo imechelewa katika ngoma za kale kuliko katika nyimbo za magitaa. Sengenya ni ngoma ya Wadigo, na msemaji wa Kiswahili hawezi kulisikia jina hilo bila kukumbuka kitenzi cha kumsema mtu asiyekuwapo. Siku hizi huchezwa na wanafunzi wa shule mbalimbali katika Tamasha la Muziki la Kenya, wengi wao wasiojua Chidigo, wakiwa wamejifunza maneno kwa kukariri. Huimba vizuri, na mara nyingine hupata tuzo. Mwalimu wao akiulizwa ubeti fulani ulimsema nani, hana la kujibu, maana hakuna aliyeinuka na noti.